Kuongeza Vifaa vya Umeme Katika Gari: Soma Kisanduku Kwanza, Usikate Waya



Siku hizi magari yamefika vijijini. Kuna pikapu ya kikundi cha wakulima. Kuna gari dogo la kubeba abiria. Kuna gari la mnunuzi wa mazao. Mengi ya magari hayo ni mitumba, na mengi ni magari tupu.

Gari tupu ni gari gani? Si gari bovu. Kiwanda hutengeneza gari la aina moja kwa madaraja mbalimbali. Gari la daraja la juu huwekewa vifaa vingi vya umeme. Watu wa mjini huliita "gari ful". Gari la daraja la chini hupunguziwa vifaa hivyo ili bei yake iwe nafuu. Mfano ni Toyota Hilux. Kuna Hilux yenye vioo vya kuzungusha kwa mkono, na kila mlango unafungwa peke yake. Tena kuna Hilux ambayo vioo vyake hupanda kwa kubonyeza swichi, milango yote hujifunga kwa pamoja, na mbele chini ina taa za ukungu.

Tuseme kikundi cha wakulima wa viazi mkoani Njombe kimenunua pikapu tupu. Wanachama wamechanga fedha kwa misimu mitatu. Gari linabeba viazi mchana. Usiku likiitwa, linampeleka mgonjwa au mama mjamzito hospitali. Njombe kuna ukungu mzito. Dereva anasema, "Jamani, tufunge taa za ukungu. Na tukiweza, tufunge na vioo vya umeme."

Je, inawezekana? Ndiyo, inawezekana. Lakini kuna njia mbili. Kuna njia ya kusoma, na kuna njia ya kukata. Fundi wa njia ya pili huja na kisu, hukata waya wowote anaouona una umeme, huunga, huzungushia tepu, basi. Taa zinawaka siku hiyo. Baada ya miezi, gari haliwaki asubuhi, au moshi unatoka chini ya dashibodi. Gari likiungua, michango ya misimu mitatu imekwenda. Na yule mgonjwa wa usiku, nani atampeleka?

Makala haya yanaeleza njia ya kusoma.

KIWANDA MARA NYINGI KIMEACHA NJIA

Ndani ya gari kuna fungu kubwa la waya. Linatoka kwenye betri, linapita nyuma ya dashibodi, linaingia milangoni na kufika nyuma. Kiwanda kikitengeneza mafungu mengi tofauti, kinapata gharama na kuchanganya kazi. Kwa hiyo mara nyingi fungu moja hutumika katika gari tupu na katika gari ful. Katika gari tupu waya wa taa za ukungu upo, ila taa zenyewe hazipo.

Si kila gari liko hivyo. Ndiyo sababu ya kutafuta kwanza kabla ya kununua kitu. Tafuta mahali patatu.

Pa kwanza ni kisanduku cha fyuzi. Kiko chini ya boneti, karibu na betri. Kingine kiko ndani, chini ya usukani au pembeni yake. Fungua mfuniko, ugeuze. Upande wa ndani au wa juu una maandishi au picha ndogo. Hapa ndipo kisomo kinapoleta faida. Ukiona FOG, maana yake ni ukungu. HORN ni honi. HEAD ni taa kubwa. DOOR ni milango. Sasa linganisha mfuniko na kisanduku. Kama mfuniko unaonyesha FOG lakini mahali pake pako wazi, chungulia ndani ya tundu. Ukiona vyuma vidogo vya kushika fyuzi, yaelekea njia ipo. Ukiona plastiki tupu, njia hiyo haipo.

Pa pili ni dashibodi. Magari tupu huwa na vifuniko vidogo vya plastiki visivyofanya kazi. Hapo ni mahali pa swichi za gari ful. Kibandue kifuniko taratibu. Huenda utakuta soketi inaning'inia nyuma yake. Katika Toyota nyingi swichi ya taa za ukungu iko kwenye mkono wa taa, ule wa pembeni ya usukani. Mkono wa gari ful una pete ya ziada ya kuzungusha. Mkono wa gari tupu hauna.

Pa tatu ni nyuma ya bampa la mbele, mahali taa zinapofungwa. Pengine utaona soketi mbili, kulia na kushoto, zimefungwa kwa tepu kwenye fungu la waya. Wengi huzipita tu, wakidhani ni takataka.

Ukivikuta vyote vitatu, umshukuru Mungu, maana kazi imekuwa ndogo. Unahitaji taa mbili, mkono wa taa wenye pete, rilei na fyuzi. Vyote vinapachikwa. Hakuna waya hata mmoja unaokatwa. Spea za namna hiyo hupatikana kwa wauzaji wa vipuri vya mitumba, vilivyotolewa kwenye magari yaliyogongwa. Lakini ziwe za gari la aina ile ile na la miaka ile ile. Soketi zisipoingiana, usizilazimishe.

UMEME WA GARI UNAVYOTEMBEA

Kama njia ya kiwanda haipo, itabidi kutengeneza mpya. Hapo ni lazima tujue umeme wa gari unavyotembea.

Betri ina vichwa viwili. Kimoja kina alama ya kujumlisha, yaani +. Kingine kina alama ya kutoa, yaani −. Umeme hutoka kwenye kichwa cha kujumlisha, hupita kwenye waya, hufanya kazi kwenye taa, kisha hurudi kwenye kichwa cha kutoa. Usiporudi, taa haiwaki.

Katika gari, njia ya kurudi ni chuma cha gari lenyewe. Mafundi hukiita bodi. Kichwa cha kutoa kimefungwa kwenye bodi. Kwa hiyo waya wa kujumlisha ukichubuka na kugusa bodi, umeme unapata njia ya mkato. Haupiti tena kwenye taa. Unakimbia wote kwa mara moja. Hiyo ndiyo shoti. Waya unapata moto, plastiki yake inayeyuka, na moto unaweza kushika gari zima.

Wengine husema, "Aa, betri ya gari hairushi mtu, haina hatari." Ni kweli kwamba volti 12 hazimrushi mtu kama umeme wa nyumbani. Lakini betri inaweza kutoa umeme mwingi sana kwa dakika moja. Spana ikiangukia vichwa viwili kwa pamoja, utaona cheche kubwa na chuma kitashika moto. Hatari ya betri ni kuunguza.

FYUZI NI MLINZI WA WAYA

Fyuzi ni kipande kidogo chenye chuma chembamba ndani. Umeme ukizidi kiasi, chuma hicho hukatika kabla waya haujaungua. Fyuzi inakufa ili gari lipone.

Fyuzi imeandikwa namba. Namba hiyo ni ampea, yaani kiasi cha umeme unaoruhusiwa kupita. Tena ina rangi yake. Ya ampea 10 ni nyekundu. Ya 15 ni ya bluu. Ya 20 ni ya njano. Ya 30 ni ya kijani.

Sasa sikiliza vizuri. Fyuzi ikikatika, mtu asiweke kubwa zaidi. Asiweke kipande cha waya. Asiweke karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Ukifanya hivyo umemfukuza mlinzi, na mwizi bado yuko ndani ya nyumba. Fyuzi iliyokatika inakuambia kuna kosa mahali fulani. Tafuta kosa kwanza.

Na fyuzi ya waya mpya iwekwe wapi? Iwekwe karibu kabisa na betri, isizidi shubiri moja au mbili. Ikiwekwa mbali, kipande chote cha waya kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi.

RILEI: MZEE ANAMTUMA KIJANA

Taa kubwa zinakula umeme mwingi. Swichi ya dashibodi ni ndogo, na waya wake ni mwembamba. Ukipitisha umeme wote hapo, swichi itaungua. Ndipo tunatumia rilei.

Rilei hufanya kazi kama mzee na kijana. Mzee amekaa kivulini. Anasema tu, "Fungua lango." Kijana mwenye nguvu anakwenda kulifungua lango zito. Swichi ni mzee. Inatuma umeme kidogo tu, kiasi cha kutoa amri. Rilei ni kijana. Ndani yake mna sumaku. Ikipata amri, sumaku huvuta chuma, na umeme mwingi hupita kutoka kwenye betri hadi kwenye taa.

Rilei nyingi zina namba chini kwenye miguu yake. Namba 30 hupokea umeme kutoka kwenye betri, baada ya fyuzi. Namba 87 hupeleka umeme kwenye taa. Namba 86 hupokea amri ya swichi. Namba 85 hufungwa kwenye bodi. Andika namba hizo kwenye daftari lako. Fundi akiwa anafanya kazi, nawe utaweza kufuata.

TUFANYE HESABU

Kila taa imeandikwa wati zake. Taa nyingi za ukungu za balbu ya kawaida ni wati 55. Mbili ni wati 110. Betri ya gari dogo ni volti 12. Kupata ampea, gawanya wati kwa volti:

110 ÷ 12 = 9 na kidogo.

Kwa hiyo taa mbili zinakula ampea 9 na kidogo. Fyuzi ya 10 iko karibu mno na kiasi hicho, itakatika ovyo. Weka ya 15. Waya uwe na unene wa milimita za mraba 2.5, na uwe wa nyuzi nyingi ndogondogo. Usitumie waya wa nyumbani wenye uzi mmoja mgumu. Gari linatikisika siku nzima, na uzi mmoja hukatika. Usitumie pia waya mwembamba wa spika. Huo utapata moto, na taa zitafifia.

Taa za siku hizi zinazoitwa LED hula umeme mdogo zaidi. Soma wati zake, ufanye hesabu ile ile.

Angalia na volti. Malori mengi hutumia volti 24. Balbu ya volti 12 ukiifunga kwenye lori hilo, inaungua pale pale.

HATUA ZA KUFUATA

1. Zima gari, toa ufunguo. Fungua kichwa cha kutoa cha betri kwanza. Ukianza na cha kujumlisha, spana ikagusa bodi, utapata shoti.

2. Funga taa chini mbele, kulia na kushoto kwa kimo kimoja. Ukungu hurudisha mwanga machoni mwa dereva, hasa mwanga wa juu. Taa za ukungu huwekwa chini na huelekezwa chini ili ziangaze barabara chini ya ukungu. Ziwe nyeupe au za njano. Usifunge nyekundu mbele.

3. Pitisha waya mpya sambamba na waya wa kiwanda. Ukae mbali na bomba la moshi, feni na sehemu zinazozunguka. Ufunge kila baada ya shubiri mbili usicheze.

4. Waya unapopita kwenye tundu la bati, weka mpira kwenye tundu hilo. Bati ni kama kisu. Kwa mtikisiko wa barabara zetu, litachubua waya polepole.

5. Waya wa kurudi uufunge kwenye chuma safi. Kwangua rangi na kutu kwanza. Taa nyingi hufifia kwa sababu ya kutu mahali hapo tu.

6. Amri ya rilei ichukuliwe kwenye njia ya taa ndogo. Hivyo dereva akizima taa za gari, za ukungu nazo zinazimika, hazili betri usiku kucha. Wala hapa si lazima kukata waya. Kuna kipande kidogo kinachochomekwa mahali pa fyuzi, kikatoa waya wa pili wenye fyuzi yake.

7. Rudisha kichwa cha kutoa cha betri mwisho wa kazi yote. Washa gari na taa. Ngoja robo saa, kisha gusa waya, rilei na swichi. Joto dogo si neno. Ukishindwa kushika kwa mkono, zima. Kuna kosa.

VIOO NA MILANGO

Vioo vya umeme ni kazi kubwa zaidi. Unahitaji chombo kizima cha kunyanyua kioo pamoja na mota yake, swichi, na waya wa mlango. Vyote vitoke kwenye gari la aina ile ile.

Mahali pa hatari ni kwenye bawaba. Mlango hufunguliwa na kufungwa mara nyingi kwa siku, na waya hukunjwa kila mara. Kiwanda huupitisha ndani ya bomba la mpira lenye mikunjo. Fundi asiye mwangalifu huuacha nje. Baada ya muda waya unakatika, au unachubuka na kugusa bodi.

Tena mota ya kioo hula umeme mwingi sana kioo kinapokwama. Kwa hiyo lazima iwe na fyuzi na rilei yake. Na kama gari linabeba watoto, iwepo swichi ya dereva ya kufunga vioo vya nyuma. Mtoto akitoa kichwa nje, mwenzake akabonyeza swichi, kioo kinaweza kumbana shingo. Ajali za namna hiyo zimeua watoto.

Kufunga milango yote kwa pamoja ni rahisi zaidi. Mota ndogo huwekwa ndani ya kila mlango, ikavuta fito la kufuli. Faida yake ni kubwa kwa anayebeba mali. Lakini bawaba ni zile zile, na tahadhari ni ile ile.

Kabla ya kuamua, pimeni. Kioo cha kuzungusha kwa mkono hufanya kazi hata betri ikifa. Hakina mota ya kuungua. Je, kikundi kinahitaji vioo vya umeme, au kinavitamani tu? Taa za ukungu kwa gari la Njombe, Mufindi au Lushoto ni jambo la usalama. Vioo ni jambo la raha. Fedha ikiwa kidogo, anzeni na usalama.

VITU VYA KUACHA KABISA

Toyota ilianza kuuza Hilux mwaka 1968. Magari ya wakati ule yalikuwa na waya chache: taa, honi, waipa, injini, basi. Ukiunga waya vibaya, hasara yako ilikuwa taa au fyuzi. Magari ya siku hizi yana kompyuta. Kompyuta hizo huzungumza zenyewe kwa zenyewe kwa kupitia waya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja. Fundi akiunga taa kwenye waya hizo, gari linaweza kukataa kuwaka. Usimruhusu.

Katika baadhi ya magari hayo mapya, hata ukipachika kifaa halisi hakifanyi kazi mpaka kompyuta iambiwe kwamba kipo. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kupimia magari. Uliza kabla ya kununua spea.

Waya au soketi za njano chini ya usukani na karibu na viti mara nyingi ni za mifuko ya hewa, ile inayofumuka gari likigonga. Msiziguse. Mfuko ukifumuka bila kutazamiwa unaweza kuvunja mkono au kujeruhi uso. Na gari tupu lisilo na mifuko hiyo, au lisilo na breki za kompyuta, msijaribu kuliongezea. Vitu hivyo hupangwa kiwandani pamoja na gari zima.

Jambo la mwisho ni oltaneta, mtambo unaochaji betri injini ikiunguruma. Katika gari tupu wakati mwingine ni ndogo kuliko ya gari ful. Ukiongeza taa, redio kubwa na vinginevyo bila hesabu, oltaneta inashindwa, na betri inakwisha nguvu.

MWAMBIE FUNDI HIVI

Mara nyingi mwenye gari huona haya mbele ya fundi. Fundi anasema, "Hiyo kazi ndogo tu, mzee, niachie." Usiondoke. Mwulize kwa heshima:

"Fundi, umeangalia kama njia ya kiwanda ipo?"
"Fyuzi utaweka wapi, na ya ampea ngapi?"
"Utatumia rilei?"
"Waya utapita wapi, na kwenye tundu la bati utaweka mpira?"
"Naomba unichoree njia ya waya kwenye karatasi."

Fundi hodari hakasiriki akiulizwa hivyo. Hufurahi kumpata mtu anayeelewa. Anayekasirika, jifikirie kabla ya kumwachia ufunguo. Mchoro huo utunzwe ndani ya gari. Siku taa zikizimika usiku kwenye ukungu, na mgonjwa yuko kwenye kiti, dereva atatoa karatasi, asome fyuzi ilipo, aibadilishe, aendelee na safari.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini kiwanda huweka waya wa kifaa ambacho gari tupu halina?
2. Taa mbili za LED zina wati 18 kila moja. Zitakula ampea ngapi katika gari la volti 12?
3. Kwa nini fyuzi iwe karibu na betri?
4. Katika kijiji chenu, gari lipi linahitaji kuongezewa kifaa kwa ajili ya usalama, na lipi kwa ajili ya raha?
5. Fungueni mfuniko wa kisanduku cha fyuzi cha gari mojawapo. Someni pamoja maneno yaliyoandikwa. Mahali pangapi pako wazi?